Upungufu wa G6PD na Dawa Zinazovunja Chembe Nyekundu za Damu: Mwongozo Kamili kwa Mhudumu wa Afya

Mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD anaweza kufikia uzeeni bila kujua kwamba anao. Hana maumivu, hachoki kuliko wenzake, na akipimwa wingi wa damu siku ya kawaida majibu huwa mazuri. Siri hiyo hufichuka siku anapopewa dawa isiyomfaa: ndani ya siku mbili tatu chembe zake nyekundu huanza kuvunjika kwa wingi, mkojo hugeuka mweusi, macho huwa manjano, naye hulegea kiasi cha kushindwa kusimama. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni 400 duniani wana upungufu huu, kwa hiyo kila mhudumu anayetoa dawa amekwisha kukutana nao, ajue asijue. Mwongozo huu ni wa mtabibu anayeandika dawa, mfamasia anayeitoa na muuguzi anayempokea mgonjwa hali inapobadilika, na msingi wake ni imani yangu kwamba sehemu kubwa ya madhara haya huzuilika kwa swali linaloulizwa kabla ya dawa kutolewa na kwa jicho linalotazama mkojo siku ya pili na ya tatu baada ya dawa.

Kinachovunjika, na sababu yake

Chembe nyekundu hukaa na oksijeni muda wote, na oksijeni hiyo huzalisha ndani yake kemikali kali zinazoharibu protini. Kinga yake ni glutathioni, ambayo hutumika na kurudishwa upya kwa nguvu ya NADPH, molekuli ndogo inayoirejeshea uwezo wake, na NADPH hiyo hutokana na kazi ya G6PD. Seli nyingine za mwili zina njia zaidi ya moja ya kuipata NADPH, lakini chembe nyekundu, isiyo na kiini wala mitokondria, ina njia hiyo moja tu. Kimeng'enya kikiwa pungufu, kinga hutosha kwa siku za kawaida, kisha huzidiwa mara tu dawa yenye kuoksidisha inapoingia. Himoglobini, protini inayobeba oksijeni, huharibika na kuganda vipande vidogo vinavyojibandika kwenye utando wa chembe, vipande viitwavyo miili ya Heinz. Bandama huvinyofoa, na chini ya hadubini chembe iliyonyofolewa huonekana kana kwamba imeng'atwa pembeni. Nyingine hupasuka ndani ya mishipa ya damu, himoglobini humwagika katika plazma, na figo huitoa kwenye mkojo.

Ujuzi huu ulitokana na primakwini, dawa ya malaria. Majaribio yaliyofanywa katika gereza la Stateville, Illinois, nchini Marekani, yalitumia wafungwa, jambo ambalo maadili ya utafiti ya leo yasingelikubali kwa namna lilivyofanywa, na ni haki kulitaja kila tunapotumia matokeo yake. Mwaka 1954 watafiti walichukua chembe za mtu aliyedhuriwa na primakwini, wakazitia alama ya kromiamu yenye mnururisho, wakazihamishia kwa mtu asiyedhurika. Mpokeaji alipopewa dawa, chembe za kigeni zilivunjika na zake zikabaki salama. Kasoro basi ilikuwa ndani ya chembe yenyewe. Mwaka 1956 kimeng'enya kinachokosekana kilitambuliwa kuwa ni G6PD.

Kutokana na kazi hiyo kuna jambo ambalo mhudumu anapaswa kulishika vizuri, kwa kuwa linafafanua nusu ya makosa yanayofanyika wodini na maabara. Chembe nyekundu huishi takribani siku 120, na kwa kuwa haina kiini haiwezi kujitengenezea kimeng'enya kipya. Hutumia kile ilichozaliwa nacho, nacho hupungua kadiri chembe inavyozeeka. Dawa ikiingia, chembe kongwe ndizo zinazoangamia kwanza. Zinazobaki ni changa zenye kimeng'enya kingi zaidi, na uboho huongeza changa nyingine. Kwa hiyo katika aina hafifu ya upungufu, kama ile iitwayo A- iliyo ya kawaida kwa watu wenye asili ya Afrika, uvunjikaji unaweza kukoma wenyewe hata kama dawa inaendelea. Katika aina kali, kama ile ya Mediterania, hata chembe changa hazina kinga ya kutosha, na dawa ikiendelea uvunjikaji nao huendelea.

Hatua ya kwanza: uliza kabla ya kuandika dawa

Maswali yenyewe ni machache, lakini yaulizwe kwa lugha ya mgonjwa. Ukimuuliza mtu kama ana upungufu wa G6PD, wengi watajibu hapana kwa sababu hawajawahi kulisikia jina hilo. Muulize kama aliwahi kupata mkojo mweusi au mwekundu alipokuwa anatumia dawa, na kama aliwahi kuongezewa damu ghafla utotoni bila kuambiwa sababu. Muulize kama yeye au mwanawe alipata umanjano mkali siku chache baada ya kuzaliwa hadi akawekwa chini ya taa. Muulize kama kuna ndugu aliyekatazwa dawa fulani au maharage aina ya fava.

Katika kuuliza habari za ndugu, elekeza maswali upande wa mama. Jeni ya G6PD iko kwenye kromosomu ya X. Mwanamume ana X moja tu, aliyopewa na mama yake, na ikiwa na kasoro hana nyingine ya kumsaidia. Kwa hiyo wajomba, kaka, na watoto wa kiume wa dada za mama ndio wa kuulizwa habari zao. Baba mwenye upungufu hampi mwanawe wa kiume jeni hiyo, bali huwapa binti zake wote. Mwanamke aliyerithi jeni moja yenye kasoro ana mchanganyiko: baadhi ya chembe zake ni timamu na nyingine ni pungufu, na uwiano wake hutofautiana sana kutoka mwanamke mmoja hadi mwingine. Wapo wanawake wanaodhurika sawasawa na wanaume, na kumwambia mwanamke kwamba ugonjwa huu haumhusu ni kumweka hatarini.

Hatua ya pili: pima, na ujue kipimo kinasema nini

Pale ambapo dawa inayokusudiwa ni ya hatari kubwa, kuuliza peke yake hakutoshi, hata mgonjwa akiwa na hakika kiasi gani.

Kuna vipimo vya aina mbili. Cha kwanza hujibu ndiyo au hapana, kama kile cha tone la damu linalong'aa chini ya mwanga wa urujuanimno, au vipimo vya haraka vya tone la kidoleni. Hivi huwatambua vizuri wale ambao kimeng'enya chao kiko chini ya takribani asilimia 30 ya kiwango cha kawaida, yaani wanaume karibu wote wenye upungufu na wanawake waliorithi jeni mbili. Havimtambui mwanamke mwenye kiwango cha kati, wa asilimia 30 hadi 70, ambaye kipimo humwita mzima. Aina ya pili hutoa namba, nayo ndiyo inayotakiwa kabla ya kutoa tafenokwini, dawa ya malaria iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2018 kwa sharti kwamba mgonjwa awe na zaidi ya asilimia 70. Sharti hilo lina sababu: tafenokwini hubaki mwilini kwa wiki kadhaa baada ya kumezwa. Primakwini unaweza kuisimamisha, na kwa siku moja au mbili ikawa imekwisha. Tafenokwini ikishamezwa haina wa kuirudisha.

Sampuli ichukuliwe kwenye chupa yenye EDTA, kemikali inayozuia damu kuganda, ihifadhiwe kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 bila kugandishwa, na ifike maabara mapema, kwa kuwa joto hupunguza nguvu ya kimeng'enya na kumfanya asiye na upungufu aonekane anao.

Kosa kubwa zaidi katika upimaji ni la wakati. Mgonjwa amefika na mkojo mweusi, himoglobini imeshuka, mtu anakumbuka G6PD, sampuli inapelekwa, na majibu yanarudi yakisema kimeng'enya kiko sawa. Daktari anafuta wazo hilo na kuanza kutafuta ugonjwa mwingine, pengine huku dawa iliyosababisha ikiendelea. Majibu yenyewe hayakuwa ya uongo. Chembe kongwe zilizokuwa pungufu zimekwisha kuvunjika, na kilichopimwa ni chembe changa zilizobaki. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyeongezewa damu, kwani kimeng'enya kinachoonekana ni cha mchangiaji. Hata chembe nyeupe zina G6PD, na zikiwa nyingi kwa mgonjwa mwenye damu kidogo sana zinaweza kuipandisha namba. Kwa hiyo kiwango cha chini wakati wa tukio kinathibitisha upungufu, bali kiwango cha kawaida wakati huo hakimwondolei mgonjwa shaka. Mtibu kama mwenye upungufu, mwandikie tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu hivi, upime tena. Ikiwa jambo haliwezi kusubiri, mpime mama yake au kaka yake.

Hatua ya tatu: ijue dawa

Orodha ndefu zilizobandikwa kwenye kuta za zahanati nyingi zinachanganya dawa za hatari ya kweli na dawa zilizosingiziwa. Sababu yake inaeleweka: maambukizi yenyewe yanaweza kuvunja chembe za mtu mwenye upungufu, na dawa aliyopewa kwa ajili ya maambukizi hayo ikalaumiwa. Matokeo yake mgonjwa hunyimwa dawa ya maana bila sababu, na mhudumu aliyechoshwa na orodha hiyo huacha kuisoma, ikiwa ni pamoja na mistari michache iliyo muhimu.

Dawa ambazo hakuna ubishi juu yake ni hizi: primakwini kwa dozi za kutibu vimelea vya malaria ya vivax vilivyolala kwenye ini, tafenokwini, dapsoni ya ukoma, rasburikase inayotumika kushusha asidi ya yuriki kwa wagonjwa wa saratani, peglotikase ya jongo, na methilini bluu. Rasburikase na peglotikase zinastahili neno la ziada. Katika kuivunja asidi ya yuriki, dawa hizi huzalisha hidrojeni peroksidi, kiasi kikubwa kwa muda mfupi, na chembe pungufu haziwezi kuihimili. Zisitolewe kwa mwenye upungufu hata kidogo. Kwa mgonjwa wa saratani alopurinoli na maji ya kutosha ndiyo njia. Kwa kuwa saratani za damu za watoto huhitaji maamuzi ya haraka, kipimo cha G6PD kichukuliwe pamoja na vipimo vya mwanzo kabisa, kabla ya damu yoyote kuongezwa.

Chini yake iko nitrofurantoini, ambayo hutolewa kila siku kwa maambukizi ya njia ya mkojo na ambayo wengi hawaikumbuki. Kwa mwenye upungufu unaojulikana, chagua nyingine. Ko-trimoksazoli imo katika orodha nyingi za zamani, lakini kwa dozi za kawaida wengi wenye upungufu hafifu huivumilia. Pale inapohitajika kweli itumike kwa uangalifu, na uangalifu huo uongezeke kwa dozi kubwa za kutibu nimonia ya Pneumocystis. Sulfasalazini na asidi nalidiksiki nazo ni za kuangaliwa zaidi kuliko kukatazwa.

Parasetamoli kwa dozi ya kawaida ni salama. Aspirini kwa dozi ndogo ya kulinda moyo haina shida kwa walio wengi. Klorokwini na haidroksiklorokwini, kwa dozi za kawaida, hazipaswi kunyimwa mgonjwa, na dawa mseto ya artemetha na lumefantrini hutumika bila kupima. Vitamini C ya chakula na ya vidonge vya kawaida haina tatizo, lakini dozi kubwa sana za kuchoma mshipani zimeshawavunjia watu damu, na wanaozitafuta kama tiba ya nguvu waambiwe hivyo waziwazi. Nje ya dawa, maharage aina ya fava na naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo kabatini, ni hatari ya kweli.

Dozi nayo ni sehemu ya kuijua dawa. Dozi moja ndogo ya primakwini, miligramu 0.25 kwa kilo, ambayo Shirika la Afya Duniani limeipendekeza tangu mwaka 2012 kwa ajili ya kuzuia usambaaji wa malaria ya falsiparamu, haihitaji kipimo cha G6PD. Primakwini ileile ikitolewa kila siku kwa siku 14 inahitaji kipimo.

Hatua ya nne: dawa ikilazimika

Kuna wakati faida ya dawa ni kubwa kuliko hatari, na mgonjwa asiachwe na ugonjwa wake. Mwenye upungufu anayehitaji kuondolewa vimelea vya vivax anaweza kupewa primakwini miligramu 0.75 kwa kilo mara moja kwa wiki kwa wiki 8, chini ya uangalizi wa karibu, mahali ambapo damu ya kuongezwa inapatikana. Mpango huu unategemea ule ukweli wa umri wa chembe: dozi ya wiki huvunja fungu dogo la chembe kongwe, kisha uboho hupewa siku sita za kujaza pengo. Ulibuniwa kwa upungufu hafifu, na kwa upungufu mkali uamuzi uwe wa mtaalamu.

Kabla ya dozi ya kwanza andika himoglobini ya mgonjwa. Bila namba hiyo ya mwanzo, himoglobini ya gramu 9 siku ya nne haitakuambia kama ameshuka kutoka 13 au kama ndivyo alivyo siku zote. Rudia kipimo siku ya tatu na ya saba, na panga mapema atakayempigia simu mgonjwa anayeishi mbali. Kwa anayeanza dapsoni, fuatilia kila wiki katika mwezi wa kwanza.

Hatua ya tano: tazama mkojo

Katika dalili zote, hii ndiyo ninayoiamini zaidi, na haigharimu kitu. Uchovu na maumivu ya mgongo huchukuliwa kuwa ni ya ugonjwa uliokuwapo. Umanjano hafifu hauonekani kwenye mwanga mbaya wa wodi. Lakini mkojo hubadilika mapema, mara nyingi kati ya saa 24 na 72 baada ya dozi ya kwanza.

Mpe mgonjwa kikombe angavu, mwambie akojolee humo asubuhi, kisha mkitazame pamoja mkiwa mmekiinua mbele ya dirisha, na karatasi nyeupe nyuma yake. Mkojo uliokolea kwa kukosa maji huwa wa njano iliyoiva, na akinywa maji ya kutosha huwa mweupe zaidi. Mkojo wenye himoglobini una rangi ya chai kavu iliyochemshwa sana. Ukizidi, huwa mweusi kiasi kwamba maandishi ya upande wa pili wa kikombe hayasomeki. Ukiuacha utulie hakuna chembe zinazotuama chini kama inavyokuwa kwa mkojo wenye damu nzima. Chovya kipande cha kupimia: kitaonyesha damu kwa wingi, lakini chini ya hadubini hutaziona chembe nyekundu, au utaziona chache mno. Tofauti hiyo kati ya kipande na hadubini ndiyo himoglobini iliyomwagika.

Upo mtego mmoja hapa kwa wagonjwa wa ukoma. Tiba yao ina dapsoni ya kila siku pamoja na rifampisini inayomezwa mara moja kwa mwezi mbele ya mhudumu. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa au nyekundu, na mgonjwa huambiwa, kwa nia njema kabisa, kwamba mkojo ukibadilika asiogope. Mgonjwa mtiifu akipata mkojo mweusi siku ya tatu hukaa nyumbani, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa. Rekebisha maneno yako: mwambie kwamba rangi ya chungwa ya siku ile ya dozi na ya pili yake ni ya dawa, bali rangi ya chai nzito, au rangi yoyote inayoendelea siku ya tatu, arudi siku hiyohiyo, asisubiri miadi.

Maabara, tafuta himoglobini iliyoshuka, bilirubini isiyounganishwa iliyopanda, LDH (kimeng'enya kinachomwagika chembe zikivunjika) iliyopanda na haptoglobini (protini inayokamata himoglobini iliyomwagika) iliyotoweka. Chembe changa huanza kuongezeka kuanzia siku ya tano hivi, kwa hiyo uchache wake siku ya pili usikupotoshe. Himoglobini huendelea kushuka hadi wiki moja hivi tangu kuanza. Kipimo cha Coombs huwa hasi, na hilo husaidia kuitenga hali hii na ile ambayo kinga ya mwili yenyewe ndiyo inayoshambulia chembe. Malaria kali ipimwe kwa kila mwenye homa. Kwa aliyetibiwa kwa atesuneti ya sindano wiki moja hadi tatu zilizopita, kumbuka kwamba uvunjikaji wa chembe unaochelewa hutokea hata kwa mtu ambaye G6PD yake ni timamu.

Hatua ya sita: chembe zikiwa zinavunjika

Jambo la kwanza ni kuisimamisha dawa, na kulisema hilo kwa sauti kwa kila anayemhudumia mgonjwa, kwa kuwa dawa iliyofutwa kwenye faili inaweza kuwa bado imo kwenye mfuko wa mgonjwa na ikamezwa jioni. Omba kuziona dawa zake zote mkononi, pamoja na zile alizonunua mwenyewe.

Pima mapigo, upumuaji na shinikizo la damu. Chukua sampuli ya vipimo vyote, pamoja na cha G6PD na cha kundi la damu, kabla ya kuongeza damu. Himoglobini ikiwa chini ya gramu 7 kwa desilita na mkojo bado ni mweusi, ongeza damu bila kuchelewa. Ikiwa kati ya 7 na 9 huku mkojo ukiendelea kuwa mweusi, damu inahitajika pia, hasa kwa mtoto, kwa sababu namba hiyo itashuka zaidi usiku huohuo. Mkojo ukiwa umesafika na mgonjwa ametulia, subiri huku ukimpima mara kwa mara. Pale ndugu wanapojitolea kutoa damu, kumbuka kwamba mjomba au kaka anaweza kuwa na upungufu uleule, na chembe zake zikavunjika zikikutana na dawa ambayo haijaisha mwilini mwa mgonjwa.

Figo ndizo za kulindwa. Mpe maji ya kutosha ili mkojo uendelee kutoka, angalau mililita 0.5 kwa kilo kwa saa kwa mtu mzima na mililita 1 kwa mtoto, ukiangalia asizidiwe na maji, kwani moyo wa mtu aliyepungukiwa damu huelemewa upesi. Pima kreatinini na potasiamu kila siku. Mkojo ukipungua licha ya maji, wasiliana na kituo chenye huduma ya kusafisha damu mapema, mgonjwa angali na nguvu za kusafirishwa. Wengi hurudiwa na kazi ya figo zao wakivushwa kipindi hicho.

Asidi foliki itolewe wakati uboho unajenga upya. Vidonge vya madini ya chuma visitolewe kwa mazoea, kwa sababu sehemu kubwa ya chuma cha chembe zilizovunjwa na bandama hubaki mwilini. Steroidi hazina kazi hapa.

Hatua ya saba: damu ikiwa na rangi ya kahawia

Dapsoni, primakwini na rasburikase zina madhara ya pili yanayoweza kuja pamoja na yale ya kwanza. Chuma kilicho ndani ya himoglobini huoksidishwa, na himoglobini hiyo, sasa ikiitwa methimoglobini, haibebi tena oksijeni. Midomo na kucha huwa za kijivu au za bluu. Oksimita ya kidoleni huonyesha namba kama 85 na kung'ang'ania hapo. Unaongeza oksijeni, unabadilisha kidole, unabadilisha kifaa, namba haiondoki. Ukichukua damu ya mshipa na kuidondosha kwenye kitambaa cheupe, rangi yake ni ya kahawia kama chokoleti, na hata baada ya kukaa kwenye hewa haigeuki kuwa nyekundu, ilhali damu ya kawaida iliyokosa oksijeni hung'aa. Kipimo cha uhakika ni ko-oksimetri ya maabara.

Hapa ndipo tiba ya kawaida hugeuka kuwa sumu. Methilini bluu, ambayo kila kitabu cha dharura huitaja kuwa dawa ya methimoglobini, hufanya kazi kwa kutumia NADPH. Mwenye upungufu wa G6PD hana NADPH ya kutosha kuiwezesha, kwa hiyo haimsaidii, na inayobaki huoksidisha chembe na kuzivunja zaidi. Mgonjwa aliyepewa dozi ya kwanza akazidi kuwa mbaya badala ya kupata nafuu asipewe ya pili. Mpe oksijeni, ondoa chanzo, ongeza damu, na kwa hali mbaya omba ushauri juu ya kubadilisha damu. Asidi askobiki hutumika mahali pengine, kwa tahadhari niliyoitaja juu ya dozi kubwa.

Usihukumu kwa asilimia peke yake. Mtu mwenye himoglobini ya gramu 14 anaweza kuivumilia methimoglobini ya asilimia 20 kwa uchovu na kichwa kuuma. Mwenye gramu 6, ambazo asilimia 20 yake haifanyi kazi, anaishi kwa chini ya gramu 5. Kwake kuongeza damu ndiyo tiba ya matatizo yote mawili.

Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wachanga

Primakwini na tafenokwini hazipewi mjamzito hata kama yeye mwenyewe amepimwa na yuko sawa, kwa kuwa mtoto tumboni hajapimwa. Kwa anayenyonyesha, dapsoni, nitrofurantoini na primakwini zote ni za kufikiriwa mara mbili hadi hali ya mtoto ijulikane. Mtoto mchanga mwenye upungufu anaweza kupata umanjano unaopanda kwa kasi hadi kuharibu ubongo bila dawa yoyote, na nguo zake zikiwa zimehifadhiwa pamoja na naftalini hatari huongezeka. Waambie wazazi wazifue na kuzianika kabla hajavishwa. Vitamini K1 anayochomwa akizaliwa ni salama.

Hatua ya mwisho kabla ya kumruhusu

Mgonjwa asitoke bila karatasi. Iandikwe jina la upungufu kwa herufi kubwa, namba ya kipimo na tarehe yake, dawa iliyomdhuru, na majina ya zile chache za hatari kubwa, methilini bluu ikiwemo, kwa sababu hiyo atapewa siku ambayo hawezi kujieleza. Usimpe orodha ya dawa mia. Mwombe apige picha karatasi hiyo kwa simu yake na ya mtu anayeishi naye, kwani karatasi hupotea. Taarifa hiyohiyo iandikwe kwenye jalada la faili, mahali panapoonekana kabla halijafunguliwa.

Kisha chora naye ukoo wake kwenye kipande cha karatasi, ukianzia kwa mama yake: dada na kaka, wajomba, watoto wa kiume wa dada zake, na binti zake mwenyewe kama ni mwanamume. Weka alama kwa kila anayepaswa kupimwa, mpe karatasi hiyo aende nayo nyumbani, na utakapomwona baada ya miezi mitatu kwa kipimo cha marudio, muulize nani amekwisha kupima.